Kolwezi: Sufuri inapozidi kwenye barua ya fidia

Katika mji wa Kolwezi, jimboni Lualaba, familia inayohamishwa kupisha mgodi hupita kwanza kwenye sekretaria ya mtaani, pale wanapopiga mashine na kutoa kopi. Hapo huandikwa majina ya watoto, mwaka nyumba ilipojengwa, namba ya kiwanja na dola zinazodaiwa. Tangu watu wa Kasulo walipohamishwa mwaka 2017, mitaa iliyo karibu na machimbo inajua uzito wa karatasi hizo.

Mama mmoja anayefanya kazi hiyo katika komini ya Manika anajua pia kwamba barua inaweza kuharibiwa na kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la malori huingia hadi chini ya vitufe vya klavie. Kitufe kikishika vumbi, huandika mara mbili au hakiandiki kabisa. Dola 1500 zinakuwa 15000, au 150.

Klavie ya Kifaransa ina kosa lingine, lakini hilo huonekana upesi. Namba za mstari wa juu hutoka ukishika kitufe cha herufi kubwa. Kikikataa, mahali pa 2 inatoka é, na mahali pa 0 inatoka à. Jicho hulikamata. Sufuri iliyozidi haionekani kuwa kosa. Inaonekana kuwa uongo. Na ofisini atakayeitwa mwongo ni mwenye nyumba.

Klavie nyingi za bei ndogo zina mpira mmoja chini ya vitufe vyote. Ukichoka, unatupa klavie nzima. Mama huyo alitafuta ile ambayo kila kitufe kina swichi yake: kijiti cha plastiki, springi, na vibati vyembamba vyenye shaba vinavyogusana ili herufi itoke. Ndiyo, shaba: ile inayohamisha watu ndiyo inayobeba pia malalamiko yao.

Swichi hizo hutofautishwa kwa rangi. Kwa zile za kampuni ya Cherry ya Ujerumani, nyekundu ni nyepesi, inashuka kwa uzito wa karibu gramu 45. Nyeusi inadai karibu 60. Ya bluu hulia "tik" kila ibonyezwapo. Klavie yake ni ya aina ambayo swichi huchomolewa bila kuyeyusha risasi, kwa hiyo alipanga mbili tofauti: nyekundu kwenye herufi, ili vidole visichoke kufikia jioni; bluu kwenye namba, ili kila namba isikike.

Faida yake ni hii: 1500 inapaswa kulia mara nne. Milio ikiwa minne na karatasi ikaonyesha namba tano, kosa si la kidole. Swichi hiyo inachomolewa na nyingine inawekwa.

Nyekundu zikianza kukwaruza, huzifungua, hufuta vumbi kwa brashi, kisha hupaka grisi nyembamba ya plastiki kwenye kijiti na springi. Ni kidogo sana, na vibati haviguswi, maana vikishika grisi herufi inaweza kukataa. Mafuta ya kupikia na ya gari hayafai, huvuta vumbi. Za bluu hazipakwi, kwani grisi huua mlio.

Kwa familia zilizohamishwa, klavie iwe nzuri au mbovu, kuna jambo la kudai kabla ya kutia sahihi au dole gumba: namba zisomwe kwa sauti, moja moja, na kiasi kiandikwe pia kwa maneno. "Elfu moja mia tano" haliongezeki sufuri kwa sababu ya vumbi. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake anayesoma. Mwandishi mwema hatakasirika kusubiri. Karatasi ikishapigwa muhuri, kuirekebisha ni safari nyingine.