Mji Mkongwe: ndimu ni ile ile, maji ndiyo ya kuuliza

Katika Soko la Darajani, Unguja, ndimu hupangwa mafungu juu ya meza au gunia, tano tano, sita sita. Mama anayejua soko haangalii fungu, anaangalia ndimu moja moja, na kila anayoishika huibonyeza kwa kidole gumba.

“Chukua mama, za maji hizi.”

“Za maji, mwanangu, mbona ngumu hivi?”

Muuzaji hucheka na kutoa nyingine kutoka chini ya meza. Ndimu nzuri ina ganda jembamba na laini, na ukiiweka kiganjani ni nzito kuliko inavyoonekana. Yenye ganda nene na gumu huweza kuwa kubwa na ya kupendeza, lakini ukiikamua hutoa matone tu. Rangi nayo isimdanganye mtu. Ndimu iliyoanza kugeuka manjano imeiva, haijaharibika, na mara nyingi ina maji kuliko ile ya kijani kibichi ambayo wageni huikimbilia.

Soko hili lilijengwa mwaka 1904 na limezoea joto. Miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, hata vichochoro vya Mji Mkongwe ambavyo havioni jua huwa kama tanuri ifikapo mchana. Ndiyo maana kutoka Darajani kupitia Mkunazini hadi baharini, mwendo wa dakika kumi na tano hivi, mtoto huomba kinywaji mara tatu. Na safari hiyo huishia Forodhani, ambako jioni hakuna mtoto anayekubali kupita kimya. Vijana wanaruka makachu kutoka ukutani hadi baharini, mishikaki inafuka moshi, na mashine ya miwa inasaga muwa pamoja na kipande cha ndimu na tangawizi. Kando yake kuna ndoo na majagi: ukwaju, embe, na maji ya ndimu yenye barafu, ambayo watu wazima bado huyaita sharubati.

“Mama, nataka ile.”

Hapo ndipo mzazi husita, na ana haki ya kusita. Ndimu ile ameiona Darajani, sukari anaijua. Asichokijua ni maji. Yametoka wapi, yamechemshwa au la, barafu imegandishwa kwa maji gani, na glasi imesuuzwa kwenye ndoo iliyokwisha kusuuza glasi ngapi kabla yake? Wapo wauzaji safi sana, wenye maji ya chupa na vikombe vya kutupa, na si haki kuwaweka wote kapu moja. Lakini kwa macho tu, jagi safi na jagi chafu yanafanana.

Swali hili la maji si geni katika mji huu. Kabla ya bomba, watu wa mjini walikunywa maji ya visima, na vingine vilikuwa karibu mno na vyoo. Kipindupindu kilipopiga Unguja mwaka 1869 na 1870, alikuwapo daktari Mskoti, James Christie, aliyefuatilia maradhi hayo na kuyaandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1876. Sayyid Barghash, aliyeshika utawala mwaka 1870 na kukaa hadi alipofariki mwaka 1888, ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Wageni humkumbuka kwa jumba la Beit al-Ajaib. Kwa mama mwenye watoto, lile bomba lilikuwa ajabu kubwa zaidi. Hata hivyo kipindupindu hakikusahau njia: mwaka 2015 kilianza Dar es Salaam na hakikuchukua muda kufika visiwani.

Ipo imani iliyoenea kwamba ndimu huua vijidudu, hivyo maji yakitiwa ndimu yamekuwa salama. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni ya hatari. Kijidudu cha kipindupindu kweli hakipendi ukali wa ndimu. Lakini ndimu tatu zilizozimuliwa katika lita moja ya maji na sukari juu yake haziwezi kutegemewa kuua kila kilichomo, na vipo vijidudu vingine vinavyostahimili ukali kuliko hicho. Barafu nayo haiui. Kijidudu kikigandishwa hulala, kikiyeyuka kwenye glasi huamka. Maji yachemke hadi yatoe mapovu makubwa kwa dakika moja angalau, yafunikwe, yapoe. Na barafu ya nyumbani itengenezwe kwa maji hayo hayo, jambo ambalo nyumba nyingi hulisahau: maji ya kunywa yamechemshwa, vipande vya barafu vimetoka bombani moja kwa moja.

Kwa hiyo nyumba nyingi za Mji Mkongwe huamua kumpa mtoto Forodhani upepo na makachu, na kinywaji kimsubiri nyumbani. Si kazi kubwa. Kwa lita moja ya maji, yaani glasi tano za kawaida, ndimu tatu au nne zenye maji zinatosha. Zioshwe kwanza, kwa sababu kisu hupitisha uchafu wa ganda hadi ndani. Kila moja isukumwe mezani kwa kiganja mpaka ilegee, ndipo ikatwe. Ikamuliwe kwa mkono au kikamulio, isisagwe mpaka ganda likalia, kwani uchungu uko kwenye ule weupe wa ganda na kwenye kokwa. Kisha ichujwe.

Sukari ndiyo huharibu kazi ya wengi. Mtu humwaga sukari kwenye maji ya baridi, anakoroga, anaonja, bado kali, anaongeza. Kumbe sukari imekaa chini haijayeyuka, na glasi ya mwisho inakuwa asali. Sukari iyeyushwe kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto, na tangawizi iliyopondwa itiwe humo humo pamoja na iliki mbili kama ipo nyumbani. Ikishapoa ndipo ichujwe na kuchanganywa na maji ya ndimu. Chumvi kidogo sana, ya kushika kwa ncha za vidole viwili, hupunguza ukali na kuifanya sukari chache ionekane nyingi.

Chache ni ngapi? Vijiko kumi vya chai kwa lita nzima, yaani viwili kwa glasi, vinatosha kwa mtoto ambaye bado hajazoeshwa utamu wa dukani. Soda ya kola ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema ni vizuri mtu mzima asizidishe vijiko sita hivi kwa siku kutoka vinywaji na vyakula vyote. Aliyekwisha kuzoea utamu mwingi apunguziwe kijiko kimoja kila wiki. Akipunguziwa yote siku moja atamwaga glasi, na atakuwa na sababu.

Wenye blenda hupenda kutupa ndimu nzima humo, ganda na yote, wakachuja. Inanukia vizuri ajabu, lakini inywewe saa hiyo hiyo. Ikikaa huanza kuwa chungu, kwa sababu ndani ya ndimu imo kemikali ambayo haina uchungu mpaka tunda lipondwe na likae kidogo. Ndiyo maana juisi iliyosifiwa mchana hukimbiwa wakati wa futari. Anayeandaa ya Ramadhani mapema aache ganda pembeni. Na asiihifadhi kwenye sufuria ya alumini, maana ukali wa ndimu hula bati na kuacha ladha ya chuma. Jagi la kioo au la plastiki lenye kifuniko, ndani ya friji, linatosha kwa siku moja.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi huambiwa wakati mtoto amekwisha kuumia. Watoto hupenda kusaidia kukamua, na wakamue, lakini wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kutoka juani. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua kali likaipiga, ngozi huungua. Haiungui pale pale. Baada ya siku moja au mbili hutokea wekundu, pengine malengelenge, kisha madoa meusi yanayoweza kukaa wiki nyingi hata miezi. Mara nyingine madoa hufuata michirizi ya maji yalivyotiririka mkononi, au alama za vidole vya aliyemshika mtoto, na jirani akadhani mtoto amemwagiwa chai au amepigwa. Wanaouza ndimu ufukweni, na watalii wanaokamulia ndimu kwenye madafu wakiwa wamelala juani, hupatwa na jambo hilo hilo.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hahitaji kinywaji hiki kabisa, na kikitiwa asali badala ya sukari ni hatari kwake, kwani asali huweza kubeba mbegu za vijidudu ambazo tumbo la mtoto mchanga halizimudu, zikaota humo na kutoa sumu. Wakubwa wakimaliza glasi wasuuze mdomo kwa maji matupu. Mswaki usubiri nusu saa, kwa sababu meno yaliyotoka kuoga ukali hulika yakisuguliwa.

Maganda hayatupwi. Mpishi huyasugulia mikono iliyotoka kupara samaki, shombo likaondoka, akanawa. Ndimu zilizozidi hupasuliwa, zikajazwa chumvi na kuanikwa juani kwa achari, ambayo mwezi ukipita huliwa na pilau. Ng'ambo ya bahari, Oman, hukaushwa nzima mpaka zikawa nyeusi na nyepesi kama pumba, zikatiwa kwenye mchuzi au zikachemshwa kama chai. Ndugu wa Unguja walioko Maskati huzileta kwenye mizigo yao wanapokuja likizo, na chai hiyo, kwa bahati nzuri, haiwezi kutengenezwa bila kuchemsha maji.