Rangi Husagwa Kwanza

Tangu tulipomzika Mama Mkubwa, kila msichana anayeuza mafuta ya midomo ya rangi pale sokoni Kasulu anajiita mwanafunzi wake. Kwa hilo sina ugomvi. Ninachokataa ni kumsingizia marehemu kwamba aliwafundisha kumwaga unga mkavu wa rangi ndani ya nta ya moto.

Mimi ni wa Kibondo. Baba alikuwa mrina asali, mizinga yake ya magogo ikining'inia kwenye miombo upande wa Moyowosi. Asali iliuzwa, nyingine ikaishia kwenye wanzuki, masega yakatupwa jalalani. Nilipomaliza darasa la saba nikapelekwa Kasulu kwa dada yake mama. Alipoiona nta kidogo niliyomletea akacheka: "Mwanangu, kumbe huko kwenu mnatupa hela!"

Kiangazi cha huku milimani kinapasua midomo, na biashara yetu ilikuwa hiyo. Nta aliiyeyusha kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji, kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 tu na ikizidishiwa moto inaungua na kunuka. Kisha akaichuja kwa khanga kuukuu.

Kilichotukosanisha ni rangi. Yeye alichimba udongo wa manjano kingo za mto, akauosha, akauchekecha, akaukaanga kwenye kikaango cha chuma hadi ukageuka mwekundu kama ngeu ya fundi seremala. Ulikuwa uchawi kuutazama, ingawa sababu yake ni ya kawaida: maji yaliyofungamana na chuma hutoka kwa moto, rangi ikabadilika. Mimi nilipoanza kuagiza oksidi ya chuma ya vipodozi kutoka Dar es Salaam, alininunia. "Ya dukani chuma, ya kwangu chuma. Umelipia karatasi."

Nililipia karatasi, ndiyo. Udongo huja na wageni wasioonekana: risasi, arseniki. Marekani, oksidi ya chuma ya vipodozi hairuhusiwi kuzidi sehemu 10 za risasi katika milioni, na 3 za arseniki. Kikaango hakiondoi risasi. Na kinachopakwa mdomoni, mwenyewe ataramba tu. Hatukuwahi kukubaliana, na mpaka leo nasema nilikuwa sahihi.

Lakini katika kusaga, hakuna aliyemfikia. Sikilizeni, mabinti: oksidi ya chuma haiyeyuki, si kwenye mafuta wala kwenye nta. Inaelea tu, ikipata nafasi inazama. Ukiimwaga kavu inashikana madonge, na mteja anajikuta na mistari myekundu mdomoni. Mama Mkubwa alidondoshea unga matone ya mafuta ya nyonyo, mazito yale, akausaga kwa jiwe juu ya kigae mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha alipaka ukuchani na kutazama juani. Akiona kidoa kimoja, anarudia. Uji huo ndio ulioingia kwenye nta, naye akakoroga hadi mchanganyiko uanze kuwa mzito, ndipo akamimina vikoponi.

Vipimo vyangu ni gramu 20 za nta, 50 za alizeti, 30 za nyonyo, na rangi 3. Mzigo ukishuka Ujiji, kwenye joto la ziwa, nta ipande hadi 25, la sivyo utauza supu. Mawese yana rangi nzuri, ila jua huipausha na harufu yake haifichiki.

Nimeshaacha kazi, mikono haitaki tena jiwe. Anayetaka kuendelea aanzie TBS, maana tangu 2019 vipodozi viko chini yao, si TFDA tena. Na ule unga mwekundu wa sakafu unaouzwa duka la vifaa vya ujenzi, ambao baadhi yenu mnaukoroga usiku mkidhani hatujui, uacheni kwa mafundi wa sakafu.