Kwa Hamisi, kuhusu lile geti

Mpwa wangu Hamisi,

Picha ya geti nimeiona. Pembe zimekaa sawa. Ila nilipoikuza picha pale bawaba ya juu inaposhika fremu, nimeona weldi ina vitundu kama andazi lililozidi hamira. Usilaumu mashine wala kijiti. Umechomelea juu ya kutu na rangi.

Kutu hushika unyevu. Rangi na grisi zikiungua hutoa gesi, nayo huingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Kikiganda kabla haijatoka, inabaki humohumo. Ukipiga grinda na kupaka rangi, mwenye nyumba haoni kitu, anakulipa. Upepo wa bahari ukilipigapiga hilo geti miezi kadhaa, bawaba inaachia.

Anza na mafuta. Yafute kwa kitambaa na thina, pakauke kabisa, chupa iwe mbali, ndipo upige brashi ya waya au grinda. Ukitanguliza brashi unayasambaza tu. Safisha mpaka chuma king'ae, sentimita 2 au 3 kila upande wa kiungo, na nyuma pia. Pale unapobana waya wa ethi pasafishe vilevile. Wengi hupasahau, kisha wanahangaika na moto unaokatikakatika. Na dawa ya kusafishia breki usiiguse. Zile zenye klorini zikikutana na mwanga wa weldi hutoa fosjini, gesi iliyoua watu katika Vita Kuu ya Kwanza.

Bosi wako atasema kijiti cha 6011 kinavumilia kutu. Ni kweli, ila hicho ni cha trekta lililokwama shambani, si cha geti la mtu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mabomba ya galvanaizi, yale yaliyopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chuma hakiyeyuki mpaka karibu 1,500, kwa hiyo zinki yote inageuka moshi mweupe puani mwako. Jioni unatetemeka kwa homa, kila mtu anasema malaria. Kapime, lakini mwambie daktari ulikuwa unachomelea nini. Maziwa wanayokunywa mafundi hayazuii chochote. Iondoe zinki kwanza kwa grinda, vaa barakoa ya kuchuja, na ufanyie kazi nje.

Geti lirudie kabla hujalikabidhi. Mama yako anauliza kama Idi utakuja.

Mjomba wako