Plani ya lotisma na shimo la mazuku

Karatasi ya plani ilitandikwa juu ya meza iliyoazimwa kanisani, na mawe mane ya volkano yakawekwa kwenye pembe zake ili upepo usiibebe. Wakaaji wa kartier hiyo, magharibi mwa Goma kwenye njia ya Sake, walikuwa wameitwa saa tatu. Wakubwa walifika saa tano na nusu: mtu wa urbanisme, mtu wa kadastri, shefu wa kartier, na mwenye mradi, ambaye hakushuka garini mpaka viti vilipopangwa.

Mradi ni huu: shamba kubwa likatwe parseli, barabara zipite katikati, nyumba za kudumu zijengwe kwa wenye kuwa na pesa. Lakini ndani ya shamba hilo familia zilizokimbia vita Masisi zimejenga vibanda vya mbao na bashi. Wengine wanalipa kodi kwa mtu anayesema shamba ni lake. Wengine walilipa kwa mtu mwingine, ambaye naye alisema vile vile.

Goma haina tena pa kujinyoosha. Kusini ni ziwa Kivu, mashariki ni mpaka wa Rwanda, kaskazini ni Nyiragongo, ambayo iliunguza katikati ya mji Januari 2002 na kurudia Mei 2021 upande wa Buhene. Basi kila mwenye kutafuta kiwanja anatazama magharibi, na bei inapanda.

Mtu wa kadastri alieleza sheria ya 1973, kwamba udongo ni mali ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuutumia kwa hati inayotambulika. Alisema kweli. Ila aliyetoka Masisi na watoto mgongoni hakupita kadastri kwanza kuuliza. Alipewa kikaratasi chenye sahihi, akakiweka ndani ya kitenge, akaamini.

Ndipo mama mmoja mjane aliposimama nyuma. Plani hakuweza kuisoma, akauliza tu:

— Shefu, lile shimo la chini, hapa kwenye karatasi liko wapi?

Mtu wa urbanisme, kijana bado, akamwonyesha kwa kalamu. Juu ya shimo hilo zilikuwa zimechorwa parseli nane, zenye namba zake, ndogo kuliko zingine.

— Pale mbuzi wangu wawili walikufa, akasema. Asubuhi. Bila jeraha.

Watu wakanong'ona neno moja: mazuku.

Wenye kuzaliwa Goma wanalijua neno hilo, lakini wageni kutoka milimani wengi hulisikia wakati mtu ameshakufa. Ni hewa ya kaboni inayotoka chini ya ardhi ya volkano. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inajikusanya mabondeni, zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Mtu mzima anaweza kupita amesimama asione kitu, na mtoto anayemfuata akaanguka.

Mwenye mradi akasema shimo litajazwa udongo, mambo yaishe. Wote wakateremka kwenda kuona. Ilikuwa saa sita, jua kali, upepo unatoka ziwani: nyasi tu na mawe. Mmoja wa wakubwa akacheka.

— Baba, rudini saa kumi na moja ya asubuhi, mama akajibu. Saa hizi hata kuku anapita.

Kijana wa urbanisme hakucheka. Alikataa kutia sahihi mpaka watu wa Observatoire ya volkano wapime, na akaomba maneno ya yule mama yaandikwe katika proseverbali. Mama akataka asomewe yaliyoandikwa. Akasomewa mara mbili.

Siku tatu baadaye kijana alirudi peke yake kwa pikipiki, kungali giza. Alifunga kitambaa chenye mafuta kwenye mti mrefu, akakiwasha, akasimama juu ya ukingo na kukishusha polepole. Moto ulizimika ghafla, kana kwamba umetumbukizwa majini. Akawasha tena, ukazimika pale pale. Akazungusha duara jekundu kwenye plani, juu ya parseli zote nane.

Duara hilo linaweza kumwokoa atakayenunua kesho. Vibanda viko juu kidogo ya ukingo, ndani ya parseli ambazo hakuna aliyezipinga, na katika mkutano swali la kuhamishwa kwa familia lilijibiwa kwa maneno mawili: «tutaona baadaye».

— Na sisi, mwanangu, umetuandika wapi? mama akamuuliza.

Kijana akatazama karatasi yake. Hakukuwa na kibanda hata kimoja kilichochorwa. Akaegesha pikipiki tena, akatoa kalamu, akaanza kuhesabu kutoka kibanda cha kwanza karibu na barabara, mama akitangulia na kumtajia watoto wa kila mlango.