Saa Tisa, Shwari

Baba alikuwa soja. Si wa jeshi, soja wa geti: rungu, koti zito na tochi. Alilinda godauni moja hapa Nairobi miaka kumi na tisa, na nikiwa shuleni niliona haya kusema anafanya kazi gani. Siku moja nikamuuliza, "Kwani Baba, usiku wote huwa unafanya nini?"

Akacheka. "Nangoja."

Nimemkumbuka sana tangu niliposoma habari za IceCube. Huko Ncha ya Kusini, Antaktika, wanasayansi walitoboa barafu kwa maji moto, mashimo 86, wakashusha vihisi 5,160 hadi kina cha karibu kilomita mbili na nusu. Walimaliza Desemba 2010. Vihisi hivyo vinangoja nyutrino, chembe ndogo ajabu isiyo na chaji, inayopenya mawe, bahari na miili yetu kana kwamba hatupo. Ukisoma sentensi hii, matrilioni yamekupitia na hujapiga hata chafya. Mara chache mno, moja hugonga atomu ndani ya barafu na kuzua mwanga hafifu wa buluu. Basi huo ndio unaongojwa.

Tarehe 22 Septemba 2017 ulionekana mmoja. Haikufika dakika, darubini kwingineko zikawa zimejulishwa. Zilipogeuzwa upande ilikotoka nyutrino hiyo, zikakuta galaksi yenye shimo jeusi kubwa, mbali kiasi kwamba nuru yake husafiri takriban miaka bilioni nne kutufikia.

Lakini kilichonishika si galaksi. Kule jua likizama halichomozi tena kwa miezi sita. Kati ya watu wachache wanaobaki kituoni, wawili ndio huachiwa mitambo hiyo, waichunge isizime. Masoja.

Baba alipofariki tulipata daftari lake la zamu. Kila saa ameandika neno lilelile. Saa saba, shwari. Saa nane, shwari. Saa tisa, shwari. Kurasa kwa kurasa. Zamani ningesema daftari hilo ni tupu. Nilikaa kitandani nikalisoma lote, na katikati nikakuta mstari mmoja tofauti: "Saa tisa na robo, moshi upande wa nyuma. Nimeamsha watu."

Hakuwahi kutusimulia.

Mstari unaofuata: saa kumi, shwari.