Barua kwa Mpwa Mwenye Kutaka Gari la Mbio

Tura, Uyui

Mpwa wangu mpendwa,

Zile picha mbili ulizozipeleka katika simu ya binamu yako nimezitazama kwa miwani na bila ya miwani, nikamwamuru azikuze hata nikaziona nati za magurudumu. Na kwa kuwa jambo lenyewe halisemeki kwa simu yenye kukatikakatika, nimeona aula nikujibu kwa kalamu.

Waniuliza, mintarafu ya gari la mbio, lililo bora ni lipi: kulitwaa Altezza la namba C linalouzwa hapo Kinondoni kwa bei ambayo akiba yako yaimudu, ama kuchukua mkopo juu ya akiba hiyo ukaagize kutoka Japani ile Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2011, nayo imetumika, lakini bei yake karibu maradufu. Najua wazee wenzangu wangekujibu kwa neno moja, kwamba kijana na anunue kiwanja. Mimi sisemi hivyo. Kiwanja unacho, deni huna, na mtu aliyechuma kwa halali ana ruhusa ya kupenda kitu kimoja kisichomletea faida. Tena mimi niliyemaliza umri wangu wa kazi katika karakana ya reli pale Tabora, ningekuwa mnafiki kujifanya siijui raha ya injini inayoitika vyema.

Walakini wewe umeniandikia bei mbili tu, na bei hizo ndizo zilizonitia wasiwasi. Sisi wa Tura tumelelewa kwa habari za misafara: tajiri aliyetoka Bagamoyo na wapagazi wake hakuwa akihesabu thamani ya bidhaa peke yake, kwani alijua kwamba mbele yake ipo Ugogo, ambako kila mtemi atamdai hongo ya doti za merikani na kaniki, pamoja na shanga, ndipo ampe idhini ya kupita na kuteka maji, na baada ya Ugogo ipo Mgunda Mkali, nyika kavu isiyo na chakula, ndipo apate kuiona Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi, walipopita wasafiri wa Kizungu, akina Burton na Speke, mwaka 1857 wakielekea Kaze, ndiyo Tabora ya leo. Aliyetumia nguo zake zote pwani kwa bidhaa za fahari, njiani alikuwa hana la kusema. Basi bei uliyoniandikia ni ya Bagamoyo. Hongo za gari ni matairi, breki, oili, bima, petroli na ujira wa fundi, nazo hudaiwa moja baada ya nyingine, wala hakuna ya kusamehewa.

Na hiyo ya Japani hongo zake zaanzia bandarini. Thamani ya gari, pamoja na nauli ya meli na bima ya safari, ndiyo TRA wanayoianzia. Hapo huja ushuru wa forodha wa asilimia 25, tena ushuru wa bidhaa kwa kadiri ya ukubwa wa injini, tena tozo ya uchakavu, ambayo kwa gari lililopita miaka kumi ni nzito, kisha VAT ya asilimia 18, isiyohesabiwa juu ya thamani ile ya kwanza bali juu ya jumla ya hayo yote yaliyokwisha kuongezwa, yaani kodi nayo inatozwa kodi. Wenzetu wa Kenya wamekata shauri kwa njia nyingine, kwamba gari lililozidi miaka minane lisiingie kabisa. Sisi twaliingiza, ila umri wake twaulipia. Kwa hiyo bei ya dola uliyoiona kwenye simu haifai kuwekwa kando ya bei ya shilingi ya Altezza, ambalo kodi zake alikwisha kuzilipa mtu mwingine zamani.

Altezza si gari la kudharauliwa. Toyota walilitoa mwaka 1998, likapewa tuzo ya gari la mwaka huko Japani, wakaacha kuliunda mwaka 2005, na ng'ambo liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Lakini ziko za namna mbili, na hilo hukuniambia: AS200, yenye silinda sita, gari la upole la kumpeleka bibi harusi, na RS200, yenye silinda nne, ambayo kwa gia ya mkono hutoa nguvu za farasi 210. Zote ni lita mbili, zote husukumwa na magurudumu ya nyuma, wala hazina turbo. Ikiwa hilo la Kinondoni ni AS200 ya otomatiki iliyobandikwa bawa nyuma na kutobolewa ekzosi ipige kelele, basi wanakuuzia sauti.

Ile STI ni kitu kingine, sikatai. Kutoka lita mbili zile zile inatoa farasi 308, na magurudumu yote manne yanavuta. Ila nguvu hizo hutoka katika turbo, kifaa kinachozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili, na mtu aliyechelewesha kubadilisha oili, au aliyezoea kuzima injini papo hapo baada ya kuikimbiza, huwa ameiua nusu kabla wewe hujaiona. Nani alikuwa nayo huko Japani? Gari la namna hiyo hawanunui wastaafu wa kwendea sokoni. Kama moyo wako haukubali kuachana nayo, mwombe muuzaji karatasi ya mnada kabla hujatuma hata senti moja, utazame daraja lake, na ukiona R au RA ujue kwamba limepata ajali likatengenezwa, hata picha zikimeremeta namna gani.

Wala usidhani ya kwamba cha bei ndogo hakishindi. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, yeye na nduguye Jaswant, walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Volvo PV544 ya mkononi, iliyokwisha kukimbizwa na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia. Na mwaka 1974 akashinda tena kwa Mitsubishi Lancer ya 1600, nyuma yake akija Björn Waldegård na Porsche 911. Vijana wenzako hupenda kuitaja nusu ya habari hiyo. Nusu ya pili ni kwamba Joginder alikuwa akiijua kila bolti ya gari lake, ilhali wewe, nisamehe, mara ya mwisho tulipokuwa pamoja ulikuwa unatafuta kijiti cha oili upande wa betri.

Basi nenda Kinondoni, lakini nenda alfajiri, bila ya kumpa mwenye gari taarifa ndefu, na kabla halijawashwa weka kiganja juu ya boneti: likiwa lina joto, mtu amelipasha ili usione moshi wa asubuhi. Liwashwe, nawe simama nyuma ya ekzosi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha oili, na ukikuta utando mweupe kama maziwa, shuku gasketi, ukaage kwa adabu. Inama utazame springi kama zimekatwa ili gari lilale chini, maana lililolazwa hivyo halitayavuka matuta ya njia hii. Fundi awe wako, asiwe wa dalali. Kadi iwe na jina la huyo anayekuuzia, na uhamisho wa umiliki ufanywe TRA siku hiyo hiyo.

Likiwa ni RS200 ya gia ya mkono, isiyochokonolewa, rai yangu ni ulinunue, na theluthi ya akiba yako uiache benki kwa matairi, breki na mkanda wa taimingi, ambao ubadilishwe mara moja hata muuzaji akiapa kwamba ni mpya. Mkopo usichukue. Kutoka Manyoni mpaka kwetu siku hizi ni lami, lakini kila kijiji kina kibao cha 50, na trafiki mwenye tochi yuko nyuma ya mti. Hapo farasi 308 na farasi 210 huenda mwendo mmoja.

Mkaza-mjomba wako anakusalimu. Amesikia kwamba gari lina milango minne, amefurahi, kwa kuwa ana madumu mawili ya asali na gunia la karanga za kumpelekea mama yako. Ukija, jaza mafuta Itigi. Lakini nijibu kwanza ni AS au ni RS, na safari hii piga picha ya chini ya gari, si ya taa.

Ni mimi mjomba wako.