Ndoo ya Kuazima

Leo twataka kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe. Lina aibu ndani yake, lakini wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Kijijini petu ipo zahanati moja, nasi tumo katika kamati ya kuisimamia. Mganga wake ni mtu mwema. Akigongewa mlango usiku huamka, na mgonjwa asiye na fedha hamfukuzi. Tulimpenda sana, hata tukadhani ya kuwa wema wake ulitosha kuishuhudia kazi yake.

Mwaka 2015 Serikali ya Tanzania ilianza kuvipima vituo vya matibabu vya ngazi ya chini na kuvipa nyota, tangu sifuri hata tano. Basi baadaye siku moja ikaja habari ya kuwa wakaguzi watafika kwetu kesho yake. Mganga akatuita. Chumba cha sindano hakikuwa na mahali pa kunawia mikono, maana bomba lilikuwa limevunjika siku nyingi. Tukaenda nyumbani, tukatwaa ndoo yetu yenye koki, na sabuni, na taulo jeupe la wageni, tukaviweka pale. Wengine wakaleta mapazia, wengine wakafagia ua. Tulikuwa kama watu waandaao arusi. Hakuna aliyesema kwamba vitu vile vitarudi kwa wenyewe wakaguzi wakiisha kwenda, lakini sote tulijua.

Asubuhi wakaja watu watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja muuguzi, mtu mzima mwenye maneno machache. Hakuuliza habari za tabia ya mganga. Alitazama vitu. Alitazama kisanduku cha kutupia sindano zilizotumika kama kimepita robo tatu, maana kikijaa kupita hapo huweza kumchoma mtu mkono. Alisoma tarehe za dawa moja moja. Alipoiona ndoo alifungua koki, maji yakatoka, akaandika alama nzuri. Sisi tukanyamaza.

Kisha akafika penye jokofu la chanjo. Chanjo hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hata 8. Joto likizidi huharibika, na nyingine huharibika zikiganda. Kwa hiyo kipimajoto husomwa asubuhi na jioni, na hesabu yake huandikwa katika karatasi iliyobandikwa mlangoni. Karatasi yetu ilijaa vizuri mno: tano, tano, tano, kila siku. Yule mama akaitazama kitambo, akasema kwa upole, "Bwana mganga, sasa ni saa nne ya asubuhi. Mbona jioni ya leo imekwisha kuandikwa?"

Mganga hakujibu. Mama akafungua jokofu. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 24. Akatwaa kichupa cha matone ya polio, akatuonyesha alama iliyo juu yake: duara, na ndani ya duara mraba. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo yafaa. Rangi zikilingana, au mraba ukikolea kuzidi duara, haifai tena. Miraba ya vichupa vile ilikuwa imekwisha kukolea. Na siku nne kabla ya hapo mtoto wetu kitindamimba, wa majuma 10, alikuwa ametiwa matone hayo kinywani, nasi tukashukuru tukaenda zetu.

Hapo moyo ulitupiga. Tukasema mbele ya wote, "Mama, futa na alama ya ndoo ile. Ni yetu, tuliileta jana." Mganga akatutazama kama mtu aliyepigwa na nduguye. Mama akaifuta alama, kisha akatugeukia, "Mwalimu, na ninyi wazee, nani kati yenu amepata kulifungua jokofu hili mwaka huu?" Hakuna.

Ndipo mganga aliponena. Gesi ya jokofu ilikwisha siku 12 zilizopita, naye aliiambia kamati. Ni kweli. Tulimjibu kwamba tutaliangalia jambo hilo, tukaondoka. Yeye ni mmoja, huzalisha, huchoma sindano, huandika vitabu. Akaona haya kuandika ukweli, akaandika tano.

Chanjo zile zikatupwa. Majina ya watoto yakatafutwa daftarini, wakaitwa na kupewa matone mengine, na mtoto wetu pamoja nao.

Majuma mawili mganga hakutusalimu. Hatukushangaa, maana kukaguliwa huwauma hata wakubwa. Mwaka 1847 katika hospitali ya Vienna, daktari Semmelweis aliona ya kuwa wazazi wengi mno walikufa kwa homa katika wodi ya madaktari na wanafunzi wao, waliotoka kupasua maiti wakaja kuzalisha. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa wazazi kama 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa kama 2. Hata hivyo madaktari wengi walichukia kuambiwa kwamba mikono yao ilileta mauti. Walikuwa watu wenye elimu, wala hawakutaka kuua.

Basi, ndugu, mpelekapo mtoto zahanati, tazameni. Je, mganga amenawa? Je, sindano imefunguliwa mbele yenu? Mwombeni awaonyeshe ule mraba. Mkiulizwa kwa heshima, ulizeni kwa heshima vilevile. Na mkiambiwa kwamba kitu kimepungua, msiseme mtaangalia.

Sasa kila Ijumaa mmoja wetu wa kamati hukisoma kipimajoto pamoja na mganga, na mtungi wa pili wa gesi hukaa tayari. Zamu ya kwanza ilikuwa yetu. Mganga alitufungulia mlango wa jokofu mwenyewe, akasema, "Soma, Mwalimu." Ilikuwa sita. Akaandika sita.

Ile ndoo haikurudi nyumbani.